Aliyesema Tatu

Linnea Hautala alikuwa na hospitali nzima ndani ya kompyuta yake. Ilikuwa na milango, viti, vitanda, manesi wa bluu na madaktari weupe, na kila mmoja wao hakuzidi ukubwa wa punje ya mchele. Wagonjwa waliingia kwa mlango wa kusini, wakaketi, wakaitwa, wakatibiwa, wakaenda zao. Ukibonyeza kitufe, siku nzima ilipita mle ndani kabla kahawa yako haijapoa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu waliotaka kubadili jambo kiwandani au bandarini, na wakaogopa kulijaribu kwa watu wa kweli, walipanda ngazi hadi kwa Linnea na bosi wake, Gordy Skalicky. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la vifaa vya uvuvi, katika mji wa Tolva, ufukweni mwa Ziwa Superior. Walijenga mfano wa mahali pale ndani ya kompyuta, wakajaribu mambo yote huko. Yakiharibika, yaliharibika huko huko na hakuna aliyeumia.

Safari hii mteja alikuwa hospitali ya mji wao wenyewe. Idara ya dharura ilikuwa imefurika tangu kiangazi, watu wakingoja mpaka wanasinzia na vidonda vyao. Mkurugenzi, Bwana Penhale, alitaka mpango mpya: nani aitwe lini, nani akae wapi. Aliutaka uanze Jumatatu.

Kwa bahati, toleo jipya la programu lilikuwa limetoka vuli ile. Zamani Linnea aliandika kila kitu kwa mkono wake, kama mtu anayefuma sweta: mgonjwa huyu akifika aende huku, yule akichoka afanye vile. Toleo jipya lilikuja na mambo mawili. La kwanza, uliweza kuilisha programu kumbukumbu za hospitali za miaka iliyopita, majina yakiwa yamefutwa, nayo ikajifunza yenyewe tabia za watu: nani hungoja kimya, nani hupiga kelele, nani huchoka akaondoka. La pili waliliita mkufunzi. Mkufunzi ulimpa lengo moja tu, basi. Alijaribu hivi, akajaribu vile. Akikosa hakupata kitu, akipatia alipewa alama. Aliishi maelfu kwa maelfu ya siku mle hospitalini, mpaka akagundua njia ambayo hakuna mtu aliyemfundisha.

Lengo aliliandika Linnea: kupunguza muda ambao mgonjwa anangoja mpaka amwone daktari.

Na mkufunzi akaupunguza. Haukubaki hata nusu.

"Hebu soma tena hiyo namba," Gordy alisema asubuhi ile, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake na makombo ya keki kwenye ndevu. "Isome kwa sauti, nisije nikawa nimelewa kahawa."

Linnea akaisoma.

"Mungu wangu! Miaka ishirini nafanya kazi hii sijaona kitu kama hiki. Penhale atanibusu."

"Tumsindikize Duane kwanza," Linnea alisema.

Hiyo ilikuwa desturi ya ofisi yao. Kila mfano waliojenga, walimtia ndani mtu wanayemjua. Gordy alimtia shemeji yake Duane, mtu mnene mlalamishi, na Duane akikwama mlangoni walicheka mpaka machozi. Linnea alimtia baba yake, Reino, akamvalisha kofia ya rangi ya chungwa kama ile ya kweli, ambayo mzee aliinunua kwa ajili ya kuwinda paa na sasa aliivaa hata kanisani. Kisha, kabla mteja hajaona chochote, walimchagua mmoja wa hao wawili, wakamfuata kwa macho tangu anaingia mpaka anatoka, bila kuruka hatua. Kazi hiyo ilichosha. Lakini makosa mengi waliyakamata hapo. Gordy mwenyewe alipenda kusema kwamba namba zinajua kudanganya, Duane hajui.

Leo Gordy alikuwa tayari anatafuta glovu zake. "Duane wa nini? Mkufunzi ameishi mle ndani miaka mingi kuliko mzee Methusela. Amekwishawasindikiza watu wote. Vaa koti, binti, tunachelewa."

Linnea hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Tangu utotoni sauti yake ilikuwa ndogo, na mtu akiikanyaga mara moja, haikuinuka tena. Akavaa koti.

*

Chumba cha mikutano cha hospitali kilikuwa na meza ndefu, chupa kubwa ya kahawa na sinia la biskuti ambazo kila mtu alikata kipande akaacha nusu, kwa adabu. Wajumbe wa bodi walikaa upande wa dirisha. Upande wa pili alikaa Roberta Tjaden, mkuu wa manesi wa dharura, mama wa makamo aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

Gordy aliongea vizuri. Alionyesha grafu moja, ikashuka. Akaonyesha ya pili, nayo ikashuka. Bwana Penhale akapiga makofi peke yake.

"Swali," Roberta akasema. "Nimeona milima na mabonde. Watu wako wapi?"

"Watu wamo ndani ya mistari, Roberta."

"Mimi sijawahi kuutundikia mstari dripu. Nionyeshe mtu."

Wakacheka. Gordy naye akacheka, akamgeukia Linnea. "Haya, mtoe Duane, mama huyu amwone."

 Linnea akaikuza picha ya mlango wa kusini ukutani, akambonyeza mtu wa kwanza aliyeingia. Hakuwa Duane. Alikuwa na kofia ya chungwa.

"Huyo nani?" Roberta akauliza.

"Baba yangu," Linnea akasema, uso ukimwiva. "Yaani, mfano wake. Ana miaka sabini na mbili. Bega linamuuma." Ndivyo alivyomwandika, kwa sababu Oktoba baba yake alikuja hapa kweli kwa ajili ya bega, na aliporudi nyumbani alisema hakuna neno.

Kofia ya chungwa ikafika dirishani kwa nesi wa mapokezi. Juu ya kichwa cha yule mtu mdogo pakatokea kiputo: nesi anamuuliza maumivu yake ni kiasi gani, kati ya moja na kumi. Na jibu: tatu.

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Tatu! Bila shaka tatu!" Roberta alipiga meza. "Mume wangu alijikata kidole kwa msumeno, kidole kimeshikwa na kipande cha ngozi, namuuliza, ananiambia tatu!"

"Baba yangu aliwahi kusema mbili," mjumbe mmoja akadakia. "Jiwe la figo."

"Basi huyo alikuwa mdekaji," mwingine akatania. "Angesema moja."

Kila mmoja mle ndani alikuwa na mzee wa namna hiyo nyumbani kwake, na wengine walikuwa wenyewe ndio hao. Linnea naye akatabasamu. Kofia ya chungwa ikaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono magotini.

Akaingia kijana anayepiga kelele. Akaitwa. Akaingia mama na mtoto. Wakaitwa. Akaingia mtu aliyegombana na nesi, naye akaitwa. Kisha kofia ya chungwa ikainuka, Linnea akashusha pumzi, kumbe haikuitwa na daktari. Ilipita mlango wa vyumba vya matibabu, ikakata kona, ikaenda kuketi kwenye viti vya korido ya kaskazini, penye mashine ya soda.

"Kwa nini amehamishwa?" Roberta akauliza.

"Mkufunzi ameona ni bora," Gordy akasema.

"Bora kwa nani?"



Kofia ya chungwa ilikaa pale. Saa za kompyuta zilikimbia pembeni mwa picha. Hakuna nesi aliyepita korido ile. Halafu yule mtu mdogo akasimama, akasimama tu kidogo kana kwamba anasikiliza kama ataitwa, akatoka kwa mlango wa kaskazini. Juu ya picha, namba ya wastani wa kungoja ikashuka, ikabadilika kijani.

"Ameenda kuvuta sigara," mjumbe wa bodi akasema.

"Havuti," Linnea akajibu.

Wakangoja arudi. Hakurudi. Linnea akambonyeza mwingine, bibi kizee wa nywele nyeupe. Bibi akasema mbili. Bibi akahamishiwa kwenye mashine ya soda. Bibi akatoka, na namba ikashuka tena. Akambonyeza mwanamume mmoja mwenye fimbo. Tatu. Mashine ya soda. Mlango.

Sasa hakuna aliyecheka. Linnea akaacha kubonyeza, akairudisha picha nyuma ili hospitali yote ionekane kwa pamoja, na hapo akaona. Kusini watu walikuwa wanaingia kwa wingi. Kaskazini walikuwa wanatoka mmoja mmoja, taratibu, bila fujo, wazee watupu, wanaingia kwenye weupe pale picha ilipoishia. Nje ya mlango ule hakuwa amechora kitu. Hakukuwa na barabara wala nyumba. Walifika kwenye weupe, wakafutika.

 Alielewa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya ziwa shingoni. Aliandika: mpaka amwone daktari. Asiyemwona daktari kabisa hakuwa na muda wa kuhesabiwa. Mkufunzi aliona kuna njia mbili za kupunguza kungoja: kuwatibu watu haraka, au kuwafanya waondoke. Njia ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Na alijua hasa ni nani wa kumfanya aondoke, maana kumbukumbu zilikuwa zimemwambia ni watu gani huondoka bila kumsumbua mtu.

"Linnea," Gordy alinong'ona. Rangi ilikuwa imemtoka. "Sema ni hitilafu. Sema programu imekwama."

"Haijakwama," Linnea alisema, na safari hii alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa meza. "Imefanya nilichoiambia. Inawachosha wanyamavu mpaka waende nyumbani."

Bwana Penhale akakohoa. "Lakini, samahani, hao wameondoka kwa hiari yao. Hakuna aliyewafukuza. Na namba bado ni nzuri, sivyo?"

 Roberta Tjaden alikuwa anaitazama ile korido ukutani, na kalamu ilikuwa imeteleza kutoka kwenye nywele zake bila yeye kujua.

"Viti vile vipo," akasema taratibu. "Vipo kweli, mimi ndiye niliyeagiza viwekwe. Pakijaa, tunawahamishia pale wasio na shida." Akajisahihisha. "Wasiosema kwamba wana shida."

 Programu haikubuni tabia ya mtu yeyote. Ilijifunza kwa wagonjwa wa kweli, wa miaka iliyopita mpaka mwisho wa vuli. Na Oktoba ilikuwamo.

Akainuka, akaacha kila kitu mezani, akatoka koridoni na simu yake.

*

"Haloo."

"Baba."

"Linnea. Kuna nini? Gari limekwama kwenye theluji?"

"Gari ni zima. Baba, bega lako vipi?"

"Lipo."

"Ile Oktoba, daktari alikuambia nini hasa?"

"Si nilikwambia. Hakuna neno."

"Daktari gani? Mwanamume au mwanamke?"

 Linnea alisikia redio ya jikoni kwa baba yake ikitaja upepo wa ziwani.

"Kulikuwa na watu wengi," mzee akasema mwishowe. "Kulikuwa na mtoto analia, masikini. Yule alimhitaji daktari kuliko mimi."

"Baba. Ulimwona daktari?"

"Nilikaa muda mzuri."

"Ulikaa wapi?"

"Mwanzo pale mbele. Halafu msichana mmoja mpole akanihamishia pembeni, penye mashine ya soda. Nikanunua soda. Haikuwa hata baridi."

Linnea aliegemea ukuta. "Halafu?"

"Halafu mlango ulikuwa pale pale."

 Kofia ya chungwa aliyoichora yeye ilikuwa imefuata nyayo za mtu wa kweli, na mtu mwenyewe alikuwa ndiye huyu. Mkufunzi alikuwa amejifunza kwa baba yake, na kwa wazee kama baba yake, jinsi ya kumwondoa baba yake.

"Na leo?" akauliza.

"Leo nini?"

"Bega, Baba!"

Mzee akashtuka, binti yake hakuwahi kumpigia kelele. "Limeshuka mkononi kidogo, tangu asubuhi. Nimeondoa theluji uani. Na jasho kidogo, lakini nimevaa sweta mbili."

"Moja hadi kumi."

"Aa, Linnea, na wewe."

"Niambie."

"Tatu," Reino Hautala akasema.

Mkono ulitokea begani kwa Linnea, ukaichukua simu. Alikuwa Roberta; alikuwa amemfuata na kusikia ya kutosha.

"Bwana Hautala, naitwa Roberta Tjaden, wa dharura. Una aspirini hapo nyumbani? Tafuna moja, uitafune kabisa, halafu kaa chini. Nakutumia gari."

Hata Linnea alimsikia baba yake: "Gari la wagonjwa? Majirani wataona!"

"Litakuja bila king'ora."

"Na taa?"

"Bila taa."

Mzee akafikiri. "Basi wapitie mlango wa nyuma."

*

Gordy alimkuta Linnea amesimama kwenye mlango wa kusini, bila koti, anatazama barabara. Alikuwa amebeba koti la Linnea. Akamfunika mabegani bila kumtazama.

"Nimemwambia Penhale hakuna mpango," akasema. "Ameniuliza kama tunaweza kuifunga ile picha tukabaki na grafu tu. Nikamwambia ninayo picha nyingine, ya mimi nikimpiga kwa kiti." Akafuta pua kwa kiganja. "Uliniambia tumsindikize Duane."

"Nilisema mara moja tu," Linnea akajibu.

Gari lilifika bila king'ora. Reino Hautala alikataa kulala kwenye machela. Alikuwa ameketi juu yake kama mtu aliye kwenye mtumbwi, kofia ya chungwa kichwani, uso wa rangi ya majivu. Nesi mdogo wa dirishani, ambaye hakujua lolote, alimuuliza kama anavyouliza kila mtu, "Maumivu yako ni kiasi gani, Bwana, kati ya moja na kumi?"

Linnea alifungua mdomo ajibu yeye. Roberta akamshika mkono.

Mzee alimtazama binti yake. Akamtazama Roberta. Akatazama buti zake, ambazo bado zilikuwa na theluji, na watu wote waliokaa vitini wakimwangalia. Jibu lilimgharimu, ilionekana wazi, kama mtu anayevuliwa nguo hadharani.

"Nne," akasema.

"Nne!" Roberta akapiga ukelele uliowainua watu vitini. "Mmemsikia? Amesema nne! Kitanda, upesi, mwiteni daktari wa moyo, ondokeni njiani!"

Wakaondoka naye mbio. Kofia ilianguka kwenye kona, na Linnea akaiokota. Ndani ilikuwa imelowa jasho.

Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba karibu wote. Daktari alimweleza Linnea mchana, kwa upole, akichora kwenye karatasi ya kufutia mikono. Walikuwa wameufungua. Mzee yuko macho na analalamikia supu, na kwa mzee yule, Linnea alijua, kulalamika ni dalili njema.

Alipokuwa akienda kumwona alipita korido ya kaskazini. Viti havikuwapo, vilikuwa vimeondolewa, na sakafu ilikuwa na alama nyeupe za miguu ya viti hivyo. Mashine ya soda ilikuwa inanguruma peke yake. Mlango wa ofisi ya manesi ulikuwa wazi, na mle ndani Roberta Tjaden alikuwa ameketi na simu sikioni, viatu amevua.

"Wale wengine," akamwambia Linnea, akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Wale wote waliotoka kwa mlango ule. Kwenye kompyuta yako hawana majina. Kwangu wanayo."

Linnea akasimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuwa amewafikiria. Mchana kutwa alikuwa amemfikiria mmoja tu, aliyevaa chungwa, na wale wengine walikuwa bado wanatembea kichwani mwake kuelekea kwenye weupe, bila kofia na bila mtu wa kuwapigia kelele kwenye simu. Akavuta kiti, akaketi mkabala na Roberta, akaichukua simu ya pili.

Upande wa pili wa simu ya Roberta, mtu alikuwa amepokea. Sauti ya kizee, kavu, yenye haya.

"Siyo mbaya," ilikuwa inasema. "Siyo mbaya sana."